Bibi Theopista na Kengele Iliyoziba Jina

Mimi Machibya, mlinzi wa geti la Lyamba FM hapa Mpanda, nina miaka sabini na nne. Mnara wetu wa kwanza ulipigwa na radi, mimi nipo. Jenereta la Kichina lilikufa, mimi nipo. Mameneja wanne walikuja na suti zao wakaondoka na treni ya Kaliua, mimi nipo getini. Ng'ombe wangu wote wamekwisha, na hao nitawaeleza hapo mbele, lakini mimi bado nipo. Kwa hiyo mtu asinifundishe nini cha kuandika.

Ijumaa hii tarehe thelathini Bibi Theopista anastaafu, baada ya miaka ishirini na mbili kwenye mitambo ya redio hii. Kamati ya sherehe imeshaandika wasifu wake. Nimesomewa, halafu nikausoma mwenyewe, maana kusoma najua, nilijifunza ngumbaru nikiwa na ndevu. Umesema Bibi Theopista ni mchapakazi, ni mcheshi, anapenda usafi. Halafu umesema alihamishiwa mapokezi "kwa sababu za kiafya".

Afya gani? Mwanamke huyu mwezi uliopita alinyanyua betri ya sola peke yake, vijana wawili wakiwa wanatafuta wa kumsaidia. Kamati ikaniambia, mzee na wewe andika kidogo, nusu ukurasa, vichekesho, ila ile albamu usiitaje. Nimeandika. Imakulata wa ofisini amenichapia, na nimemwonya asininyooshee maneno. Na albamu ndiyo naanza nayo sasa hivi.

Ila kwanza mumjue mtu mwenyewe. Bibi Theopista alizaliwa Inyonga, kwa wafuga nyuki, akaja Mpanda akiwa msichana, akafundishwa mitambo na fundi mmoja wa kanisani. Redio ilipofunguliwa ndiye aliyetandika chumba cha kurekodia. Ukutani alipanga trei za mayai, juu yake magodoro, juu ya magodoro blanketi za mgambo. Wageni wakubwa waliokuja kuhojiwa aliwavua saa, bangili na funguo kabla ya kukaa kwenye maiki, kwa sababu vinalia. Mchungaji mmoja alikuwa na viatu vinavyolia, akahubiri na soksi. Jogoo wa jirani aliyezoea kuwika wakati wa taarifa ya habari alinunuliwa na Bibi Theopista, akaliwa, na mimi nilipata paja. Hivyo ndivyo alivyoipenda kazi yake.

Sasa albamu. Alikuja kijana anaitwa Révérien, dereva wa bajaji, wa upande wa Katumba. Na msichana anaitwa Kija, wa Kasekese, ambaye hapa mjini anauza nyanya sokoni. Walikuwa na wimbo wao wa hip hop, wakaniomba niwapitishe getini. Niliwapitisha. Meneja wetu, Bwana Zefania, hakuwepo, kwa sababu siku hiyo kulikuwa na mpira, na siku ya mpira Bwana Zefania anakaa kwenye banda la kuonyeshea mpaka filimbi ya mwisho. Redio nayo inajiunga na matangazo ya mpira kutoka Dar, kwa hiyo chumba cha kurekodia kinabaki bure. Mwandike hapo: albamu hii imetengenezwa siku za mpira, mchana kweupe, geti likilindwa na mimi.

Révérien akaanza. Akaimba habari za gari jekundu, za dola, za mademu wa ufukweni. Bibi Theopista akazima mashine.

"Gari gani hilo? Wewe una bajaji, tena ya watu."

"Maza, hip hop ndivyo ilivyo."

"Basi kaimbie Masaki. Hapa niambie umeona nini wiki hii."

Kija ndiye aliyejibu. Akasema mimi nimeona bikoni imeingia kwenye mpunga wa mama.

Wasomaji wa mbali wajue. Kuna mkubwa mmoja ana shamba kubwa, nyie mnamjua, na bikoni za shamba lake, yale mawe ya mpaka ya wapima ardhi, zina miguu. Unalala ziko ng'ambo ya mto, unaamka ziko kwako. Ukiuliza unaambiwa ramani ndivyo inavyosema. Kasekese zilimeza mpunga wa mama yake Kija. Na kule kwetu Usevya zilizunguka malisho yangu, ng'ombe wangu wakiwa ndani wanakula majani waliyoyala tangu ndama. Wakaambiwa wameingia shamba la mtu. Wakaswagwa, wakauzwa, na mimi mwenye mali nikafika mnadani nikakuta mavi tu. Dume langu la mbele, Mabaka, alivaa kengele niliyofuliwa na mhunzi wa Usevya. Ina ufa, inalia kama inakohoa. Kengele niliiokota kwenye nyasi. Mabaka sikumwona tena. Ndiyo sababu mzee mwenye ng'ombe wake amekuwa mlinzi, msidhani nilizaliwa na rungu la ulinzi mkononi.

Kija akaimba. Mimi nilikuwa mlangoni nikasikia, na mistari ile naijua kama jina langu:

Jana bikoni ilikuwa mtoni,
leo asubuhi iko jikoni,
kesho nikiamka iko kitandani,
nani kaibeba?

Akataja jina lote la huyo mkubwa, la kwanza mpaka la babu.

Bibi Theopista hakuzima mashine. Aliniita mimi niingie. Nami nikawaambia hao vijana ukweli, kwamba kutukana kwa wimbo hawakuanza wao. Mimi nimecheza ngoma zile za Usukumani za makundi mawili, nimesimama uwanjani mbele ya watu wasiohesabika, nimemwimba mtu mpaka akaondoka na wake zake, na hakuna aliyenishtaki, kwa sababu uwanjani ndipo mahali pake. Niliwafundisha: usipige kelele tu kwamba serikali, kwamba mfumo. Mtaje mtu kwa mlango wake, kwa mbwa wake, kwa njia anayopita. Révérien akatupa lile gari jekundu, akaimba mkutano wa kijiji ambao wananchi walisaini mahudhurio, na sahihi zao zikatumika kama wamekubali kutoa ardhi. Huo wimbo wa tatu, ukiusikia, ujue mimi nimo. Bila mimi wangekuwa bado wanaimba ufukwe.

Biti alitengeneza Bibi Theopista. Watu wanadhani kijana fulani wa kompyuta. Hapana. Besi ni pipa la maji la nyuma ya choo, alilipiga mwenyewe na ndala. Ile sauti ya mvua ni bati letu, masika, alipanda juu ya meza akashika maiki karibu na dari mpaka mkono ukafa ganzi. Walipokuwa wanaimba alizima feni kwa sababu inavuma, Révérien akavua shati, akavua fulana, Bibi akamwambia ishia hapo. Msimu mzima wa mpira ulipita hivyo. Albamu ikaitwa Bikoni Zinatembea.

Ilibaki kidogo imalizike. Siku hiyo timu ya Bwana Zefania ilifungwa mabao manne kabla ya mapumziko, akarudi mapema na hasira, akatukuta. Akasikiliza zote, amesimama, na mimi nasema haki, kichwa kilikuwa kinatikisika kufuata biti. Akasema ni kazi nzuri, itapigwa Jumamosi, ila jina lizibwe. Kila linapotajwa, ziba.

Hapo ndipo ilipo kazi ya fundi. Sehemu nyingine jina linazibwa na ile tiii ya televisheni. Bibi Theopista akasema tiii ni ya nani huku? Akatoka mpaka getini. Pale getini mimi nilikuwa nimetundika kengele ya Mabaka, mgeni akifika anaitikisa. Akaitungua bila kuniuliza, akaenda nayo ndani. Kila palipokuwa na jina, akaweka mlio wa kengele, kisha akairudisha getini.

Jumamosi ikapigwa. Mimi nilikuwa Usevya kumwona dada yangu, siku ya mnada, redio zimefunguliwa kwenye vibanda vyote. Kija akauliza kutoka redioni, nani kaibeba? Kengele ikakohoa. Mzee mmoja aliyekuwa anapima mchele akaacha kopo hewani. Akasema, hiyo si kengele ya Mabaka wa Machibya? Wote waliijua. Walimwona Mabaka akipita na kengele ile miaka, na walijua alikwenda wapi na nani alimpeleka. Ubeti wa pili ukaja, nani kaibeba? Kengele ikalia, na soko zima, wauza dagaa, wachinjaji, akina mama wa maandazi, wakalijaza jina wenyewe kwa sauti moja. Bwana Zefania alitaka lisisemwe na mtu hata mmoja. Likasemwa na mnada mzima.

Jumatatu simu zikaja kutoka kwa huyo mkubwa. Albamu ikafungiwa hapa hapa ilipozaliwa. Mpaka leo Lyamba FM haijaipiga tena. Lakini ilikuwa imeshaingia kwenye memori kadi, ikapanda bodaboda, ikafika Inyonga, ikafika Karema, ikavuka ziwa. Bikoni za Kasekese hazijarudi mtoni, nisiwadanganye. Ila tangu Jumamosi ile hazijasogea hatua nyingine. Kijana anayetumwa kuzisogeza anasikia watoto wanamwigizia kengele kwa midomo, anageuza.

Bibi Theopista akaitwa ofisini. Mimi nilikuwa nafagia chini ya dirisha, na kama nilifagia sehemu moja muda mrefu, ni haki yangu. Bwana Zefania hakumfokea. Alimwambia dada Theopista, umebakiza muda mfupi ustaafu. Andika kwamba hao watoto waliingia wakarekodi bila wewe kujua, mambo yataisha, utabaki kwenye kiti chako.

"Bila mimi kujua?" Bibi Theopista akasema. "Hiyo besi niliipanga nimelala?"

"Dada, mimi nakuokoa."

"Nilikuambia nini ulipoagiza nizibe jina?"

"Ulisema sawa."

"Nikaziba. Kazi uliyonipa nimeifanya. Kazi yangu siikani."

Kesho yake akapelekwa mapokezi. Fundi aliyefunga waya za redio hii kwa mikono yake akawekwa kwenye dirisha dogo kupokea matangazo ya vifo na ya mbuzi waliopotea. Akawekewa kijana kwenye kiti chake, kijana mzuri, ila aliruhusu jogoo mpya wa jirani awike kwenye habari mwaka mzima. Bibi Theopista alikuwa anasikia kutoka pale dirishani, anauma midomo. Hakuomba arudishwe. Aliniambia siku moja tu, tukinywa chai getini, kwamba kitu kinachomuuma si kiti. Kinachomuuma ni kwamba amerekodi kwaya, hotuba na matangazo ya dawa ya kunguni, na vyote vina jina lake kwenye kabati la redio, na kazi moja aliyoifanya kwa moyo wake wote haina. Akasema, babu Machibya, nitaondoka kama niliyeiba.

Na sasa kamati inaandika "sababu za kiafya". Nyie kamati, mnakula wali wa mwanamke huyu Ijumaa, mnamnunulia saa ya ukutani na kitenge, halafu mnamzika kabla hajafa? Mimi nimekasirika na sitanyamaza. Mnaniogopesha na nini, mtanifukuza kazi? Nina miaka sabini na nne.

Sherehe itarushwa hewani moja kwa moja, ndivyo Bwana Zefania alivyotangaza. Vizuri. Nimeomba nafasi ya kutoa zawadi ya wazee, na ratiba imeshapigwa muhuri. Zawadi yangu ni kengele ya Mabaka. Geti nitalitafutia bati la kugonga. Nitasimama na karatasi hii, nitasoma ile mistari minne ya Kija, na nikifika pa kuuliza nani kaibeba, nitaitikisa kengele, halafu nitanyamaza, nyie ukumbini mtajua la kufanya, na Lyamba FM itakuwa imeipiga. Kisha nitasema kwa kinywa changu kwamba fundi wa Bikoni Zinatembea anaitwa Theopista, mbele ya mitambo aliyoifunga yeye. Hapo ndipo nitamkabidhi.

Bibi Theopista, mdogo wangu, asante kwa kazi, asante kwa paja la jogoo. Nenda Inyonga kwenye mizinga ya baba yako ukapumzike vizuri, ule asali, ulale mchana, usisikilize redio mpaka wajirekebishe. Mungu akupe magoti ya kupandia miti.

Anayesema nimetia chumvi akamuulize Kija, yuko sokoni Mpanda upande wa nyanya. Amuulize Révérien, bajaji yake imeandikwa Bikoni kwa nyuma. Amuulize Imakulata, aliyecheka na kulia akichapa haya. Amuulize Bwana Zefania mwenyewe, ila amwangalie kichwa, kinatikisika. Na kama mkubwa fulani atapiga simu tena Ijumaa kuagiza Machibya azibwe, mwambieni hakuna cha kumzibia. Kengele anayo Theopista.