Lori Lisiipite Nyumba ya Mwenzetu

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Meya. Mkuu wa Shule. Walimu, na wahitimu wenzetu mliovaa kofia nyeupe za kuhitimu:

KARIBU

Karibu shuleni kwetu, hapa Jutland. Tumeambiwa umetuletea tuzo ya shule isiyo na uonevu. Sisi ni wale tunaokula mkate wetu maktabani, na tumetakiwa tutoe shukrani.

MAFANIKIO

Tangu tuingie hapa hakuna aliyepigwa hata kofi. Walimu hutafuta alama mwilini, wasizione, wakaandika kwamba tu wazima. Lakini akufukuzaye hakwambii toka. Unafika mezani, mazungumzo yanakatika. Sherehe unakuja kuiona kwenye picha. Ukiuliza, Dorthea wa darasani kwetu anacheka: "Jamani, tulikusahau tu. Mbona wewe kila kitu unakiweka moyoni?"

CHANGAMOTO

Dorthea hana pembe. Alipokuwa darasa la sita alitengwa yeye, akaapa hayatamrudia. Anayeogopa kubaki nje hujifanya bawabu. Wanaomzunguka nao hucheka kwa hofu, maana atakayeacha kucheka ndiye atakayefuata. Haya yote tunayaelewa. Kuyaelewa hakujatupunguzia uchungu hata kidogo, na tumechoka kuambiwa tuwe waelewa.

OMBI

Leo lori la wahitimu litatupitisha darasa zima nyumba kwa nyumba kama ilivyo desturi, na kila mzazi atatupokea kwa chakula na bia. Njia ilitangazwa jana. Nyumba ya mwenzetu mmoja haimo. Tulipouliza, tukajibiwa: "Kule mbali bwana, tutachelewa." Ni mtaa wa pili kutoka kwa Dorthea.

Mama wa mwenzetu ameomba ruhusa kazini. Ametundika bendera, amekaanga vinofu vya nyama, amepanga glasi za darasa zima. Hajaambiwa, kwa sababu binti yake hajapata pa kuanzia.

Mheshimiwa, hatuombi semina wala bango jipya ukutani. Tunaomba tuzo hiyo usiikabidhi hapa. Panda lori pamoja nasi, ukaikabidhi kule, mbele ya meza ile. Lori likipita bila kusimama, rudi nayo mjini.

Mungu akujalie kila mlango utakaobisha ufunguliwe, na ndani ukute wamekuwekea kiti.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Maktabani.

Imesomwa na Vigga Thorup, ambaye mama yake ndiye anayesubiri.