Mkono Uliobaki Jaladani

Basi dogo la Mlandizi lilipotoka Kibaha, Swaumu alimsikia dada wa kiti cha mbele akimlalamikia kijana aliyekaa naye. Dada huyo alikuwa na jarida la filamu mapajani. "Filamu nzima ni ya yule mama anayemtafuta mwanawe, mpaka nililia. Halafu jaladani wamemweka huyu binti aliyetokea mara mbili?"

"Jalada hilo nimelitengeneza mimi," kijana akasema bila haya. "Dada yangu, jarida linanunuliwa saluni na vijiweni. Kijana wa kijiweni hatoi hela kumtazama mama wa mtu. Wa kwake yupo nyumbani, anamwona bure."

Dada hakucheka. "Na huu mkono begani kwa binti, wenye kidole kilichopinda?"

"Wa yule mama. Walipigwa picha pamoja, nikamkata. Mkono ningeuondoa ningeharibu nywele za binti, nikauacha. Nani anaangalia mkono?"

Swaumu alikitazama kidole chake cha mwisho, kilichopindishwa na mchi tangu usichana wake. Picha ile yeye na binti walipigwa kijijini Vihingo, na jalada aliahidiwa yeye. Mtaani kwao Visiga alikwishamwambia kila mtu akalinunue.

"Yule mama akiliona?" dada akauliza.

"Watu wazima wale hawasomi majarida."

Basi likasimama Visiga. Swaumu akainuka.

"Shikamoo, mama." Adabu kijana alikuwa nayo. Alisimama kutoka kiti cha kukunja cha njiani kumpisha, akamshika mkono, ule ule, ili asiyumbe.

"Marahaba, mwanangu," akajibu Swaumu, akauacha mkono wake mle kiganjani kupita haja.

Kijana hakuutazama.