Mama Brashi na Uso wa Mama Yetu

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni mdogo wa marehemu. Nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake. Mnivumilie nikikwama.

Dada yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mama Brashi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa baba karani wa posta na mama mshonaji wa mashuka ya hospitali. Mama yetu alifariki tarehe 2 Agosti 1960, siku niliyozaliwa mimi. Hakuacha hata picha moja. Marehemu, akiwa na miaka tisa tu, ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka nikajua kutembea.

Alisoma shule ya wasichana hadi mwaka 1966. Madaftari yake yalirudi nyumbani yamejaa michoro ya wanawake pembezoni. Katika ripoti ya mwisho mwalimu aliandika: "Hesabu hazimwingii, lakini anajua kuchora mkono."

Mwaka 1968 aliajiriwa katika karakana ya mabango, akichora vibao vya maduka na saluni, na alifanya kazi hiyo kwa miaka thelathini na tisa. Kila kibao kilitoka na mwanamke. Kinyozi mmoja alimjia juu: "Mimi nanyoa wanaume, dada! Huyu wa nini?" Akamjibu taratibu, "Ni mke wa mteja wako, anamsubiri." Kinyozi akacheka, akakibeba kibao chake.

Tarehe 6 Desemba 1975 alifunga ndoa na fundi seremala, mtu wa utani mwingi, aliyemtengenezea fremu zote za picha alizochora nyumbani. Shemeji alipenda kusema, "Nilioa mmoja, nikakuta wamo sitini, na wote wananitazama nikila." Walijaliwa watoto watatu. Shemeji alitutangulia mwaka 2011.

Watu walimuuliza sana kwa nini alichora wanawake peke yao. Wengine walisema maneno ambayo hayafai kurudiwa hapa. Yeye alichovya brashi, akaendelea na kazi. Mimi aliniambia, siku moja tukikunja nguo.

"Namtafuta mama. Mgongo wake naukumbuka, alivyoinama kufua. Mikono naikumbuka. Nikifika usoni, napotea."

"Si unitazame mimi?" nikamwambia.

"Wewe umetoka baba mtupu, mdogo wangu. Hunisaidii."

Mimi ndiye niliyekuwa nikimsumbua tangu utotoni: mama alikuwaje? Alichora ili anijibu. Kila picha alimpelekea shangazi yetu, aliyemjua mama vizuri. Shangazi alivaa miwani, akaitazama kwa muda, akasema, "Mzuri huyu, mwanangu. Lakini siye." Ilikuwa hivyo kila mara, mpaka shangazi alipofariki mwaka 1993. Baada ya hapo hakukuwa na mtu wa kumwambia hata hapana. Aliendelea kuchora.

Tarehe 9 Januari 2023 alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa, na maneno yakaondoka. Tulimpeleka hospitali tatu. Madaktari walifanya waliloweza, nasi tulisugua mkono ule asubuhi na jioni, tukijua kwamba tunajidanganya.

Mwezi Mei mwaka huu, mchana mmoja, alinyoosha mkono wa kushoto kuelekea picha zake ukutani. Niliziteremsha picha moja moja nikamwekea mbele. Nilipofika ile ya saba, alianza kulia.

"Ndiye?" nikamuuliza.

Akalia.

"Siye?"

Akalia vilevile. Nilimshika kichwa, nikaomba anipe ishara yoyote, afumbe jicho, animinye kidole. Hakuweza. Niliirudisha picha ukutani. Sikujua nifanye nini kingine.

Alifariki nyumbani kwake Ijumaa, tarehe 21 Juni 2024, saa nne asubuhi, wanawe wakiwa kando yake.

Picha ya saba nimeiweka chumbani kwangu. Naitazama kila niamkapo, na sijui kama ninamtazama mama yangu au mwanamke mwingine tu.

Marehemu ameacha watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu saba, na mimi.

Mungu ampe mapumziko ambayo sisi, kwa mapenzi yetu yote, tulishindwa kumpa.