Risiti Kumi za Bi Gundi

Wasikilizaji wapendwa, mkokoteni ulikuwa umeshatoka. Ulikuwa umeshakata kona ya duka la dawa, umebeba magunia manne ya karatasi, na nyuma yake mwanamke mwenye ndara zilizoshonwa kwa waya anaukimbilia. Aliufikia, akalishika gunia la juu kama mtu anayemshika mgonjwa asianguke kitandani.

"Mama, niachie mzigo," msukuma mkokoteni akamwambia. "Mimi nimetumwa tu."

"Umetumwa upeleke wapi?"

"Kwa mnunuzi wa karatasi chakavu. Zinakwenda kufungia sabuni."

Mwanamke huyo ndiye tunayemkumbuka leo. Mtaani aliitwa Bi Gundi. Alifariki miezi miwili iliyopita, akiwa na miaka sitini na minane, na katika jamaa zake wa damu hakuna aliyefunga duka hata nusu saa kwa ajili yake. Basi kumbukumbu yake tutaisema sisi, na tutaisema bila kuwapaka mafuta wasiostahili.

Bi Gundi alizaliwa katika nyumba ya wafanyabiashara wa vitambaa. Duka mbele, nyumba nyuma, geti la chuma ubavuni. Baba aliuza. Mama alisimama kwenye kaunta akiandika risiti. Na hapa sikilizeni vizuri, maana mambo yote yanaanzia hapa. Mama huyo hakwenda shule hata siku moja. Kusoma na kuandika alijifunzia kwenye kitabu cha risiti, mstari kwa mstari: Imepokewa kutoka kwa. Kitu. Idadi. Maelezo. Sahihi. Namna nyingine ya kuandika hakuijua. Ukimpa karatasi tupu, anakwama. Ukimpa risiti, bingwa.

Bi Gundi alipenda kusimulia kwamba akiwa na miaka tisa alivunja kioo akamsingizia paka. Jioni akakuta risiti juu ya mto wake. "Imepokewa kutoka kwa: binti. Kitu: uongo. Idadi: mbili. Maelezo: paka hatuna."

Binti akakua, akampenda fundi baiskeli. Baba akasema binti wa duka haolewi na mtu mwenye grisi kwenye kucha. Binti akaolewa. Baba akamfungia geti, na miaka miwili baadaye akafa, ufunguo ukabaki kwa mtoto wake wa kwanza, yaani kaka yake Bi Gundi. Kaka huyu alikuwa na akili ya kufuli: kazi aliyoiweza ni kufunga. Alisoma shule nzuri, alivaa suti hata siku za joto, na barua zote, za kuingia na za kutoka, zilipita mkononi mwake kwanza.

Bi Gundi na mumewe walihamia mji mwingine, mwendo wa siku nzima. Kutoka huko alimwandikia mama yake barua kumi. Shikeni hesabu hiyo, wasikilizaji: barua kumi. Hakujibiwa hata moja. Kisha mama akafa. Bi Gundi akaja kuzika, na kaka yake, mbele ya watu, tena bila kushusha sauti, akamwambia: "Mama hakuwahi kukutaja. Barua zako hakuzifungua. Nimezichoma kama zilivyokuja."

Tangu siku hiyo Bi Gundi alitaka kitu kimoja tu hapa duniani. Alitaka kujua kama mama yake alimjibu.

Wiki iliyofuata kaka alisafisha stoo ya duka. Alizitenga karatasi za miaka hamsini kwa namna ambayo msomi wa aina yake tu angeweza: barua upande huu, risiti upande ule. Barua ni heshima, risiti ni takataka. Barua za kampuni za ng'ambo akazitia kwenye fremu za vioo, akazitundika sebuleni. Bi Gundi akasimama mlangoni.

"Kaka, nipe hizo risiti."

"Risiti za nini? Unatafuta cha kwenda nacho mahakamani?"

"Natafuta mwandiko wa mama."

"Mwandiko! Mama aliandika kama kuku aliyekanyaga wino."

Dada akaambiwa akalete kitambulisho, arudi saa nne aje kuchukua. Aliporudi saa nne, mkokoteni ulikuwa umeshatoka. Sasa mnaelewa kwa nini alikuwa anakimbia. Kaka aliogopa urithi. Alimwona dada yake akitaka takataka, akaona bora takataka ile aile mtu baki. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini hili lilikuwa na tai shingoni.

Mnunuzi wa karatasi hakutaka maneno. Kufikia jioni magunia yalikuwa yamegawanywa soko zima: kwa muuza sabuni, kwa muuza misumari, kwa muuza mbegu. Bi Gundi akampigia simu mumewe.

"Tunahama. Tunarudi huku."

"Kwa ajili ya karatasi?"

"Kwa ajili ya mama."

"Basi ngoja nifunge boksi la spana."

Alikusanya kwa miaka kumi na mmoja. Miaka kumi na mmoja, wasikilizaji wapendwa, kila siku ya soko. Muuza sabuni akimwona tu anauliza, "Shoga, leo unataka sabuni au karatasi?" naye anajibu, "Karatasi. Sabuni weka ukipenda." Kwa muuza misumari alinunua mpaka mumewe akashika kiuno: "Mke wangu, misumari imejaa ndoo. Tunajenga ikulu?" Karatasi zenye mafuta alizipangusa kwa unga. Zilizolowa alizianika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Zilizochanika aliziunga kwa gundi ya unga wa ngano, akazibandika nyuma ya kalenda zilizopitwa na wakati. Hapo ndipo lilipotoka jina lake, na lilianza kama matusi. Mke wa kaka ndiye aliyelitunga, akimwonyesha kwa kidole sokoni: "Mwoneni Bi Gundi, anabandika aibu yake." Huyo mama mwenyewe, hadi leo, hajawahi kusoma karatasi ndefu kuliko orodha ya harusi.

Mwaka wa tatu, kipande cha sabuni ya kufulia kilifunguliwa jikoni. Wino ulikuwa umechuja, lakini ulisomeka. "Imepokewa kutoka kwa: binti yangu. Kitu: barua. Idadi: moja. Maelezo: nimeisoma mara nne. Kula vizuri. Sahihi: mama."

Mumewe anaeleza: "Alikaa sakafuni palepale. Nikadhani kapatwa na kiharusi. Nainama kumshika, kumbe anacheka."

Kumbe barua zilimfikia mama, na alikuwa amejibu. Alijibu kwa namna pekee aliyoijua, akaacha majibu ndani ya kitabu cha risiti, kwa sababu mlango wa posta ulikuwa na kufuli lenye suti. Ya pili ilitoka kwa muuza mbegu: "Maelezo: pole kwa homa. Grisi ya mumeo hutoka kwa majivu." Fundi baiskeli aliijaribu siku hiyohiyo. Ikatoka. "Yule alikuwa mkwe wangu," anasema, "na hatukuwahi kuonana."

Kufikia mwaka wa kumi na mmoja, risiti zilikuwa tisa. Barua kumi, risiti tisa. Kwenye kalenda ya mwisho aliacha ukurasa mmoja mtupu.

Mwaka uleule akaja bwana mmoja wa makumbusho, akitafuta karatasi za familia za wafanyabiashara. Kaka akamkaribisha kwenye fremu zake. Akaiendea ile kubwa kuliko zote, ya lugha ya kigeni, ambayo kwa miaka yote aliwaambia wageni kuwa ni sifa za babu yake.

Bwana akaisoma. Akakohoa. "Hapa wanasema kitambaa kilifika kimeoza, na wasiletewe tena."

"Lugha ya zamani ina maneno magumu," kaka akasema.

"Haya si magumu, mzee. Risiti ziko wapi? Barua kila mtu anatunza."

Ndipo kaka, kwa mara ya kwanza, akafika karakana ya baiskeli ya shemeji yake, akiongozana na yule bwana. Alikwepa kukanyaga mafuta. Alileta mfuko wa matunda, na matunda yenyewe yalikuwa yale ambayo duka halikuweza kuuza.

"Dada yangu, damu nzito kuliko maji. Zile karatasi za ukoo..."

"Zipi, kaka? Za kufungia sabuni?"

"Usinivunjie heshima mbele ya mgeni."

"Nikuvunjie kitu gani? Leta kwanza nikione." Akamgeukia yule bwana. "Njoo wewe, usome. Picha piga. Ila haziondoki hapa, bado moja."

Aliitafuta hiyo moja hadi kifua kilipomlaza. Hospitalini alimuuliza muuza sabuni, "Hakuna kitu?" Muuza sabuni akajibu, "Shoga, siku hizi tunafungia nailoni."

Wasikilizaji wapendwa, pole zetu zimwendee fundi baiskeli, pamoja na wanasoko waliombeba hadi mwisho. Kwa waliobaki nyuma ya geti, mikono yetu mitupu. Nanyi mnaotusikiliza, kabla ya kuita mkokoteni, geuzeni kila karatasi, mkaulize aliyeiandika alijifunzia wapi kuandika.

Ilivyokuwa baadaye ni hivi. Msukuma mkokoteni aliacha kazi kwa sababu ya mgongo. Muuza sabuni bado yupo sokoni, meza ileile. Bwana wa makumbusho alipiga picha zake, akaenda. Duka la vitambaa limepangishwa. Sasa wanauza simu. Mke wa kaka anaishi kwa binti yake. Kaka, wiki tatu baada ya mazishi ambayo hakuhudhuria, aliipeleka ile fremu kubwa kwa fundi wa fremu, barua itolewe, iwekwe picha yake mwenyewe. Fundi alipong'oa ubao wa nyuma alikuta pamejazwa karatasi za kuzuia kioo kisicheze, karatasi ambazo kaka mwenyewe alimpa miaka ile, kiganja kimoja kutoka kwenye gunia. Soko zima lilijua Bi Gundi alikuwa anatafuta nini. Fundi wa fremu akachomoa risiti moja katikati yake, akaipeleka karakana kwa miguu.

"Imepokewa kutoka kwa: binti yangu. Kitu: barua ya kumi. Idadi: moja. Maelezo: nilitoka nije kwako. Kaka yako kafunga geti. Sahihi: mama."

Fundi baiskeli alinawa mikono kwa majivu, akakoroga gundi ya ngano, akaibandika kwenye ukurasa uliokuwa mtupu. Kaka yu hai. Picha yake imetundikwa sebuleni.