Mzee Leonardi na Suti Zetu za Bujumbura

Tarehe 31 Julai 1975, Mzee Leonardi Ruhwanya anashuka melini kwa mara ya mwisho akiwa mtumishi, baada ya miaka ishirini na minane ya kuwahudumia abiria wa Ziwa Tanganyika. Alianza mwaka 1947 akiosha sufuria jikoni. Anaondoka akiwa mhudumu mkuu, na abiria wengi wa Kigoma, Kalemie na Mpulungu wanamjua yeye kuliko wanavyomjua nahodha.

Lakini sisi wenzake tukikaa kumzungumzia, huanzia kwenye suti.

Enzi hizo Bujumbura ikiitwa Usumbura, Leonardi aligundua kibaraza cha fundi mmoja mtaa wa Buyenzi, mtu wa asili ya Kongo aliyeitwa Kasongo. Meli haikukaa bandarini muda mrefu, kwa hiyo wakapatana hivi: safari hii unapimwa, ijayo unajaribu, ya tatu unavaa. Leonardi akapimwa. Safari iliyofuata koti likagoma kufunga, maana kati ya kupimwa na kujaribu alikuwa amepandishwa cheo kutoka kuosha sufuria hadi kugawa chakula.

Kasongo akarudi nyuma, akamtazama. "Bwana Leonardi, mimi nilimpima mtu mmoja. Huyu uliyemleta ni nani?"

Koti likafumuliwa, likashonwa upya, na tangu siku hiyo wawili hao wakawa ndugu. Kila mfanyakazi mgeni melini alipelekwa Buyenzi. Mimi karani wenu nilifunga ndoa nimevaa suti ya Kasongo. Hamdani wa chumba cha injini alishonewa mashati ambayo kola zake hazijalegea hadi leo. Baada ya Azimio la ujamaa, tai zilipoanza kuonekana kasumba ya kikoloni, tukaagiza suti za Kaunda, na Kasongo akazishona kana kwamba hajawahi kushona kitu kingine.

Mwaka 1972 yakatokea machafuko ng'ambo, huko Bujumbura. Safari kadhaa hatukumwona fundi wetu, na Leonardi akawa anamuulizia kila bandari. Mwishowe Hamdani akamletea habari: Kasongo na mkewe, Mwanaima, wamevuka kwa mtumbwi, wako Mwanga, hapa Kigoma, wanangoja kupelekwa kambi ya wakimbizi mbali na ziwa. Cherehani ilibaki Buyenzi.

Leonardi alimkuta Kasongo ameketi chini karibu na soko. Anasema walishikana mikono, na hakuna aliyekumbuka kusalimia.

Kwenye ofisi ya wakimbizi akaambiwa kwamba fundi anaweza kubaki mjini akipata kazi na mdhamini. Udhamini akautoa hapo hapo. Kazi akaenda kuiomba kwenye ushirika wa mafundi cherehani wa Mwanga, kwa mwenyekiti wao, Bi Eufrasia. Mama huyo hakuwa mkatili; alikuwa na wanachama wengi na vitambaa vichache.

"Kaka Leonardi, kila fundi hapa amekuja na cherehani yake," alisema. "Huyu hana cherehani, na kazi yake sijaiona. Wanachama nitawaambia nini?"

"Kazi yake nitakuletea."

Jumamosi saa sita mchana, jua la Kigoma likiwa kichwani, wanaume wa meli tukapita katikati ya soko la Mwanga tumevaa suti nzito za Kasongo, mmoja nyuma ya mwingine, Leonardi mbele. Wauza dagaa waliuliza nani amekufa. Bi Eufrasia alituvua makoti moja moja, akageuza bitana, akavuta mishono kwa kucha. Koti la Leonardi alilishika muda mrefu.

"Hili lilifumuliwa," akasema.

"Ndiyo, mama. Nilinenepa."

Akacheka hadi akakaa. Kisha akasema, "Mwambieni aje Jumatatu. Cherehani mtatafuta wenyewe."

Cherehani ilitoka kwa Mama Melania, mke wa Leonardi, aliyekuwa akiwashonea jirani zake wa mtaa wa Kasingirima sare za shule. Hakulazimishwa. Aliifuta vumbi, akaitia mafuta, akamwambia Mwanaima, "Chukueni. Nitaitaka siku mtakapopata yenu, si kabla." Zilipita mvua mbili ndipo ikarudi. Leo Kasongo ni mwanachama kamili, na anafundisha wengine kukata makoti.

Mzee Leonardi, umetuhudumia kwa mikono safi na moyo mkubwa. Mama Melania, shukrani hizi ni zako pia. Tunawatakia afya na mvua za kutosha kwenye shamba lenu la michikichi kule Kidahwe.

Ila shamba lingoje kidogo. Tumesikia Mama Melania hajawahi kuvuka ziwa hili hata mara moja, kwa kuwa mumewe kila akipata likizo alitaka kukaa nchi kavu. Kwa hiyo wafanyakazi tumewatengea chumba cha kwenda na kurudi Mpulungu. Mzee wetu, king'ora cha kuita wahudumu kikilia usiinuke. Safari hii chai utaletewa.