Njia ya Caranavi Haina Dereva

LIMBERT: Haloo? Nani mwenzangu? Kioo kimepasuka, jina silioni.

ZULMA: Ni mkeo. Au wako wengine wanaokupigia asubuhi hii?

LIMBERT: Aa, Zulma. Habari za El Alto?

ZULMA: Baridi tu, na upepo wake. Za huko?

LIMBERT: Nzuri. Joto. Maribel hajambo?

ZULMA: Hajambo, nimemwacha kwa mama yako. Uko wapi?

LIMBERT: Njiani.

ZULMA: Njiani wapi?

LIMBERT: Nimeshapita Coroico, nashuka Caranavi. Vifurushi vimejaa mpaka— (mkwaruzo) —mtandao wa huku si unaujua.

ZULMA: Basi nisikilize haraka, salio langu lenyewe la kuungaunga. Niko uani hapa kazini. Mzee Hilarión ameniita ofisini.

LIMBERT: Umevunja nini?

ZULMA: Sijavunja kitu. Amenipa gari.

LIMBERT: Gari la nini?

ZULMA: La kuendesha, la nini tena. Anasema nitoke ghalani niingie barabarani. Miaka sita nimesimama kwenye mkanda nachambua vifurushi vya watu, leo ndiyo mtu kakumbuka kwamba nina leseni.

LIMBERT: Hongera, mama Maribel. Hongera sana. Watakuweka humo humo mjini, mtaa kwa mtaa, kazi nyepesi—

ZULMA: Caranavi. Haloo?

LIMBERT: Nipo.

ZULMA: Ameniambia, "Njia ya Caranavi haina dereva." Nikamwambia mzee, hiyo njia dereva wake mbona ni mume wangu? Akaniangalia kama mtu aliyekwamwa na mfupa. Akasema, "Kaongee na mumeo." Ndiyo nimekupigia. Haya, tuongee.

LIMBERT: Ni kwamba wanaongeza gari la pili. Mizigo imezidi, gari moja halitoshi, kwa hiyo—

ZULMA: Limbert.

LIMBERT: Naam.

ZULMA: Umepita kona ngapi tangu tuanze kuongea?

LIMBERT: Swali gani hilo?

ZULMA: Hiyo barabara kila kona dereva anapiga honi, asije akabusiana na lori. Mara zote nilizokaa pembeni yako nimefika kichwa kinaniuma kwa honi. Leo hujapiga hata moja.

LIMBERT: Nimesimama. Nimeegesha ili niongee na wewe.

ZULMA: Umesema unashuka.

LIMBERT: Nilikuwa nashuka, nikaegesha. We mwanamke vipi, unanihoji kama trafiki wa— (kwa mbali) Nakuja! Yaweke hapo hapo, nakuja.

ZULMA: Nani huyo?

LIMBERT: Muuza machungwa.

ZULMA: Muuza machungwa anauliza katoni za Guanay ziko wapi?

LIMBERT: (mkwaruzo) —sikusikii vizuri—

ZULMA: Unanisikia. Na huo mlio nyuma yako, ti, ti, ti. Mimi mlio huo nausikia hadi usingizini. Hiyo ni mashine ya kusomea vifurushi. Limbert, wewe uko ghalani. Njia ya mwongo fupi. Yako imeishia mlangoni mwa stoo.

LIMBERT: Ni ghala la hapa Caranavi. Ndiyo.

ZULMA: Tangu lini?

LIMBERT: Wiki tatu.

ZULMA: Wiki tatu. Unaniambia mizigo ya Coroico na Caranavi ndiyo inakuzuia kurudi nyumbani, na kila nikikupigia uko njiani. Mara Coroico, mara umekwama kwenye matope. Mama yako anakuwashia mishumaa ufike salama, kumbe safari zenyewe ni za kusukuma toroli.

LIMBERT: Ningekuambia.

ZULMA: Lini? Na wenzako wote wameuchuna. Napishana nao getini, wananiamkia, "Shemeji, shemeji," kumbe wananiona bwege.

LIMBERT: Mimi ndiye niliyewaomba wanyamaze.

ZULMA: Umefukuzwa?

LIMBERT: Hapana.

ZULMA: Umegonga mtu?

LIMBERT: Sijagonga mtu.

ZULMA: Basi una mwanamke huko.

LIMBERT: Mwanamke gani wa kumpenda mtu anayenuka maboksi.

ZULMA: Mimi nilinuka maboksi miaka sita, ukanipenda. Sema. Limbert, salio linaisha, na hapa wanapakia. Mzee Hilarión amesema turubai la gari likifungwa anataka jibu. Nikikataa anampa mpwa wake, na mimi nafasi hiyo sitaiona tena. Kwa hiyo ukisema, sema sasa.

LIMBERT: Unakumbuka yale maporomoko yaliyofunga njia?

ZULMA: Si tulisikia redioni. Uliniambia ulikuwa nyuma sana.

LIMBERT: Sikuwa nyuma sana.

ZULMA: (kwa sauti ndogo) Ulikuwa wapi?

LIMBERT: Mvua ilikuwa imeisha. Nilisimama pembeni nikojoe. Nyuma yangu kulikuwa na gari la mtu wa vitunguu, muda wote linanifuata tangu juu. Nikampa ishara apite. Akapita, akanipungia mkono. Nafunga suruali naangalia, mlima ukashuka. Si mawe, Zulma. Mlima mzima, na miti yake imesimama vile vile. Kisha palikuwa kimya, kama vile hapajawahi kupita gari.

ZULMA: Mungu wangu.

LIMBERT: Alinipungia mkono, unaelewa? Kanishukuru. Walipofungua njia nikafika Caranavi sijui kwa namna gani. Kesho yake nikapanda garini nirudi. Mikono iko kwenye usukani, injini inanguruma, mguu umekataa. Jasho linanitoka kama mgonjwa wa malaria. Nikamwambia msimamizi wa hapa goti linauma, anipe kazi ya ndani. Gari alikuja kulichukua mwingine.

ZULMA: Sasa mbona hukuniambia mimi? Mimi nani, jirani?

LIMBERT: Nikuambie nini? Nilivyokuwa nawasema watu wa ghalani?

ZULMA: Panya wa stoo.

LIMBERT: Nilikuwa natania.

ZULMA: Hukuwa unatania. Sikukuu zote, mbele ya ndugu zangu, "mke wangu panya wa stoo, mimi tai wa barabarani". Nilikuwa nacheka na wao ili nisionekane nina roho mbaya. Nilikuwa naumia.

LIMBERT: Najua. Sasa hivi najua.

ZULMA: Na hiyo stoo unaionaje, bwana tai?

LIMBERT: Mgongo unaniuma. Msimamizi ana umri wa mdogo wangu wa mwisho, ananiita kwa mluzi. Siku nzima sijui nje kuna jua au mvua.

ZULMA: Karibu.

LIMBERT: Lakini usiku nalala, Zulma. Sisikii mlima. Nikiingia humu ndani, paa juu, kuta pande zote, moyo unatulia. Wewe unaona jela, mimi naona salama. Ndiyo maana nakuambia hiyo njia uikatae.

ZULMA: Eeh?

LIMBERT: Ikatae. Mwambie mzee mtoto mdogo, mwambie macho, mwambie chochote. Akupe ya mjini.

ZULMA: Ya mjini haipo. Ipo hii.

LIMBERT: Basi baki ghalani.

ZULMA: Limbert, mimi naingia kule ndani bado giza, natoka limeshaingia jingine. Guanay, Mapiri, Caranavi, Rurrenabaque, hayo majina ya miji nimeyabandika kwenye maboksi mpaka vidole vimeota sugu. Nawatumia watu viatu, dawa, redio. Kila kitu kinasafiri isipokuwa mimi. Wewe usiku unalala? Mimi silali. Miguu inacheza yenyewe chini ya blanketi, inataka kwenda.

LIMBERT: Kwenda kufa.

ZULMA: Wangapi wanapita kila siku na wanafika?

LIMBERT: Yule wa vitunguu naye alikuwa anapita kila siku.

ZULMA: Nani alinifundisha kuendesha? Jumapili ngapi pale kwenye uwanja wa vumbi, ukinipigia kelele kama kondakta? Nani alinionyesha kwenye hiyo milima ya Yungas tunakaa kushoto, si kulia kama mjini, niweze kuona tairi langu linakanyaga wapi?

LIMBERT: Nilikufundisha upate leseni ya kuweka ukutani.

ZULMA: Asante kwa kusema ukweli. Umechelewa, lakini asante.

LIMBERT: (mkwaruzo) —sikumaanisha—

ZULMA: Nijibu jambo moja. Unaogopa nife, au unaogopa hao jamaa wa huko waone gari lako la zamani linaingia, dereva anashuka, dereva ana sketi, halafu ni mkeo? Upo?

LIMBERT: Nipo.

ZULMA: Nijibu.

LIMBERT: Yote mawili.

ZULMA: Lipi zaidi?

LIMBERT: Ulipotaja Caranavi, kitu cha kwanza nilichoona ni sura zao. Ulivyoendelea kuongea ndipo nikauona mlima. Sasa hivi naona mlima tu. Hilo la kwanza naona aibu hata kulitaja.

ZULMA: Umelitaja.

LIMBERT: Nimelitaja.

ZULMA: Wamebakiza vifurushi vya mbele. Grover mpakiaji ameanza kufunga turubai. Gari gani hili? Mlango mmoja mpya, haujapakwa rangi—

LIMBERT: Ndilo lenyewe. Lilipigwa jiwe siku ile.

ZULMA: Kumbe ndilo.

LIMBERT: Ndilo.

ZULMA: Mimi nataka kwenda, baba Maribel. Na naogopa pia, usifikiri nina moyo wa chuma. Lakini nikibaki leo nitakuchukia, wewe na hizo kuta. Sitaki kukuchukia. Kwa hiyo sikuombi ruhusa. Nataka tu nisiende umenuna.

LIMBERT: (kwa mbali) Dakika moja, bosi. Nimesema dakika moja.

ZULMA: Nikifika huko jioni, zamu ya kupakua ni ya nani? Limbert, ya nani?

LIMBERT: Yangu.

ZULMA: Basi utanipokea au utajificha chooni? Niambie nijue.

LIMBERT: Ukikuta ukungu pale juu usishindane nao. Simama unywe kitu cha moto, wapite wenye haraka.

ZULMA: Sijauliza ukungu.

LIMBERT: Najua hujauliza.

ZULMA: Salio linalia. Mzee Hilarión yule anatoka, ana funguo mkononi. Limbert, naenda.

LIMBERT: Kiti.

ZULMA: Unasemaje?

LIMBERT: Kiti cha dereva, Zulma. Nilikirudisha nyuma kabisa, na wewe miguu yako mifupi, hutafika kwenye breki. Kinagoma kusogea. Usivute kwa mbele, piga teke chuma cha kushoto, halafu—

ZULMA: Chuma gani? Haraka, ananiita.

LIMBERT: Kile cha chini, karibu na mlango. Teke moja la nguvu, ndipo uvute. Usiondoke kabla hakijasogea, umenisi—

(mlio)

LIMBERT: Haloo? Zulma? Haloo?

LIMBERT: (anamgeukia msimamizi) Bosi, niazime simu yako. Yangu haina salio hata la kubipu. Dakika moja tu, niongee na dereva wa gari linalokuja. Ndiyo, dereva mpya wa njia yetu. (anaulizwa jina) Zulma. Andika Zulma Mamani. (anaulizwa tena) Ndiyo, ni mwanamke. Ni mke wangu.