Aliyewatoa Wareno

Sokoni Newala, kando ya banda la baiskeli la Tahiri Spana, kuna benchi lenye miguu mitatu na tofali moja. Asubuhi hiyo Tahiri hakuwa ameshika baiskeli hata moja. Shule ilitafuta mtu wa kuwasimulia watoto, siku ya Ijumaa, jinsi majirani wa Msumbiji walivyojikomboa kutoka kwa Wareno na watu wa huku juu mlimani walivyowasaidia. Mwalimu alikuwa njiani kuja kuandika jina. Tahiri alitaka liwe lake, ili marehemu baba yake, ambaye hakuacha hata picha, atajwe mbele za watu walau mara moja. Kubembeleza hakujui, husema analosema, na asiyekubali hupigiwa kelele.

— Baba alitegua bomu la Mreno kwa spana namba kumi na nne. Hii hapa!

— Imeandikwa China hiyo, alisema Kurwa, karani mstaafu, ambaye benchi zima linamwita Faili.

— Kwani Mchina hakutusaidia?

— Mimi nasema yaliyoandikwa. Wapiganaji walipigana miaka kumi, askari wa Kireno wakachoka, wakaipindua serikali yao kulekule kwao. Basi.

— Basi nini? Miaka kumi unaimaliza kwa pumzi moja? Nyamaza, Faili!

Anselmo Patasi, mchonga vinyago, akaweka kikombe chini.

— Wareno walitolewa na ngoma. Lipiko, ule mzimu wa ngoma ya jando, lilichomoza kwenye mihogo mchana kweupe, lina meno ya kweli. Kambi nzima ikatimka. Mmoja alikimbia mpaka kwao Lisboni.

— Na bahari je? aliuliza Faili.

— Hakuiona. Alikuwa anatazama nyuma.

— Basi aliyevaa kile kinyago ni baba yangu! alidakia Tahiri.

Patasi akaruka wima.

— Wewe! Umetoka jandoni lini? Mle ndani hamna mtu, mle mna mzimu! Unasema hivyo mbele ya mwanamke?

— Sijasikia, alisema Bi Esha, muuza kahawa, akifuta vikombe.

Ndipo akatokea mwalimu Loyce, mgeni kutoka Bukoba, mwenye mwezi mmoja tu mjini na tayari viganja vyake vina sugu za kubeba dumu la maji.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwalimu.

— Kabla sijaandika jina, nina swali dogo. Huku juu maji ni shida mpaka leo. Hao wapiganaji waliokuja kupumzika hapa, nani aliwatekea?

Faili akapapasa mifuko. Patasi akakikodolea macho kikombe kitupu. Tahiri alikuwa na uongo mwingine mdomoni, tena mtamu, wenye spana na ndoo. Akaumeza.

— Sijui, alisema, kwa hasira. Bi Esha, nani?

— Sisi wasichana. Alfajiri tunashuka bondeni, tunapanda na mitungi mpaka shingo zinazama mabegani. Baba yako hakubeba hata kata ya maji. Lakini alitusindikiza akituimbia, tusiogope giza. Sauti mbaya, Tahiri, mbaya kwelikweli. Ila hakukosa hata siku moja.

Tahiri akafuta uso kwa kitambaa cha grisi, akazidi kuuchafua.

— Mwalimu, andika Bi Esha. Yeye atamtaja baba.

— Nitamtaja, na sauti yake pia.

Bi Esha akainamisha birika. Likatoka tone moja.

— Kahawa imekwisha, na maji pia. Nani anateka?

Wazee wakaanza kulikagua lile tofali la benchi. Mwishowe Tahiri akanyakua dumu.

— Faili! Patasi! Shikeni hayo mengine!

— Na yeye Bi Esha? aliuliza Patasi.

— Mimi, alisema Bi Esha akijifunga kanga, nakuja kuwaimbia.